Uvimbe wa Shingo Baada ya Tiba ya Saratani Usifichwe kwa Mtandio

Mada ya afya iliyosomwa katika mkutano wa wakazi wa kata. Inachapishwa hapa kwa ukamilifu kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Familia inapompokea mgonjwa aliyemaliza tiba ya saratani ya kinywa, koo au shingo, nyumba hujaa furaha. Mgonjwa alikwenda mbali, akakaa ugenini majuma 6 au 7 akipigwa mionzi siku 5 za kila juma, pengine baada ya kufanyiwa upasuaji. Amerudi amekonda, kinywa kimekauka na ladha ya chakula imepotea, lakini amerudi. Majirani huja kumpa pole, kuku huchinjwa, na wengi huamini kwamba safari imekwisha.

Miezi michache baadaye huanza jambo jingine. Mgonjwa anaamka asubuhi, anajitazama katika kioo na kukuta chini ya kidevu pamejaa kama mfuko wa maji. Mashavu yamevimba, macho yamekuwa madogo, sauti imekuwa nzito. Kufikia alasiri uvimbe umepungua. Kesho yake asubuhi umerudi. Baada ya muda ngozi ya shingo inaanza kukakamaa, kugeuza kichwa kunauma, na tonge ambalo zamani liliingia kinywani bila taabu sasa haliingii.

Hapo ndipo nyumba nyingi hunyamaza. Wengine huamini kuwa saratani imerudi, wakakata tamaa. Wengine hutafuta mkono wa mtu. Mama lishe ambaye wateja walikuwa wakimsubiri sokoni hujifunika mtandio hadi puani, na mwishowe huacha kabisa kwenda kwenye banda lake. Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya mama wa namna hiyo na kwa ajili ya wote wanaoishi na mgonjwa kama yeye. Ujumbe wake ni mmoja: uvimbe huu una sababu inayojulikana na una matunzo, lakini matunzo hayo hufaa zaidi uvimbe ukiwa bado laini. Anayesubiri mpaka ugumu uingie hupoteza nafasi ambayo hairudi yote.

MFEREJI ULIOZIBA

Damu inapozunguka mwilini, sehemu ya maji yake huvuja kutoka katika mishipa midogo na kulowesha nyama. Maji hayo hayakukusudiwa kubaki huko. Hukusanywa na mtandao wa mishipa myembamba ya limfu, hupitishwa katika tezi zinazochuja vijidudu na takataka, na mwishowe hurudishwa katika mishipa mikubwa ya damu iliyo karibu na mifupa ya mtulinga. Takriban theluthi moja ya tezi zote za limfu mwilini zimo katika kichwa na shingo. Ndizo zile ambazo mama huzipapasa shingoni mwa mtoto anayeumwa koo na kuzikuta zimevimba.

Saratani za sehemu hizi mara nyingi husambaa kwa kupitia tezi hizo. Kwa sababu hiyo daktari wa upasuaji hulazimika kuondoa baadhi yake, na mionzi hulazimika kuelekezwa kwenye zilizobaki. Tiba hiyo huokoa maisha, lakini huacha njia ya maji imekatika. Aliyewahi kuona mtaro wa barabara ulioziba wakati wa masika anaelewa kinachofuata. Maji hayaachi kuja kwa sababu mtaro umeziba. Hutafuta mahali pa chini na kutuama. Kwa mgonjwa, mahali hapo ni chini ya kidevu, mashavuni, kwenye kope, midomoni na shingoni. Anapolala usiku hakuna mteremko wa kuyashusha, ndiyo maana uvimbe huwa mkubwa zaidi asubuhi.

Jambo la pili ni kovu la ndani. Mwili hujaribu kutengeneza nyama zilizojeruhiwa na tiba kwa kufuma nyuzi ngumu. Kovu la kisu huonekana kwa macho. Kovu la mionzi hutanda ndani, chini ya ngozi, katikati ya misuli na kuzunguka taya. Huweza kuendelea kukaza kwa miezi na hata miaka baada ya mionzi ya mwisho. Maji yaliyotuama huchochea kovu, na kovu nalo huzidi kuziba njia ya maji. Mzunguko huo ndio unaopaswa kukatwa mapema.

Wakazi wengi wanaufahamu ugonjwa wa matende kutokana na kampeni za kugawa kingatiba. Matende nayo hutokana na kuharibika kwa njia za limfu, ila mharibifu wake ni mnyoo unaoenezwa na mbu. Uvimbe unaozungumzwa hapa hautokani na mnyoo, hauambukizi, na kingatiba za matende haziuponyi. Unafanana na matende katika jambo moja lenye manufaa: yote mawili hutunzwa kwa usafi wa ngozi, mazoezi na uvumilivu wa kila siku.

UKUBWA WA TATIZO

Tatizo hili si la watu wachache wenye bahati mbaya. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 81 waliokuwa wamemaliza tiba ya saratani za kichwa na shingo miezi 3 au zaidi kabla ya kuchunguzwa. Robo tatu yao walikuwa na uvimbe wa limfu. Miongoni mwa waliovimba, takriban nusu walikuwa na uvimbe wa nje na wa ndani kwa pamoja. Wengine takriban 4 katika kila 10 walikuwa na uvimbe wa ndani peke yake, yaani katika koo, kwenye ulimi au kwenye kisanduku cha sauti.

Takwimu hiyo ya mwisho ina fundisho kwa familia. Mgonjwa anayekula polepole, anayepaliwa na maji, au anayekataa ugali na kuomba uji kila siku, huenda hadeki. Uso wake unaweza kuonekana wa kawaida ilhali koo limevimba kwa ndani. Mtu wa namna hiyo hupungua uzito mbele ya macho ya watu, na chakula au maji yakipita njia ya hewa anaweza kupata homa ya mapafu.

KUJIKAGUA NYUMBANI

Mara nyingi uvimbe huanza kuonekana kati ya mwezi wa 2 na wa 6 baada ya tiba. Katika kipindi hicho, na hata baadaye, mgonjwa anaweza kujikagua kwa njia tatu ambazo hazihitaji mashine.

Njia ya kwanza ni kidole. Mgonjwa hubonyeza taratibu sehemu iliyovimba kwa sekunde chache, kisha huachia. Sehemu ikiwa laini na uvimbe ukipungua kadiri siku inavyokwenda, hali bado ni ya mwanzo. Kibonyeo kikibaki, maji yametuama. Ngozi ikiwa ngumu kama ngozi ya kiatu na haibonyei, kovu limeanza kutawala.

Njia ya pili ni futi kamba ya fundi cherehani. Shingo hupimwa mara moja kwa juma, mahali palepale na saa ileile, na kipimo huandikwa katika daftari pamoja na tarehe. Macho ya watu wa nyumbani huzoea; futi kamba haizoei. Daftari hilo likifikishwa kliniki humsaidia mtaalamu kuliko maneno mengi.

Njia ya tatu ni vidole vitatu. Mgonjwa hufungua kinywa na kujaribu kuingiza vidole vyake vitatu, vikiwa vimepangwa kimoja juu ya kingine, katikati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikishindwa kuingia, taya limeanza kubana. Wataalamu huhesabu kwamba kinywa kisichofunguka kufikia milimita 35 kina tatizo linalohitaji matunzo. Kubana huku si pepopunda, wala si uvivu wa kutafuna. Ni misuli ya taya iliyoshikwa na kovu, na hufaa kunyooshwa mapema kabla haijakaza.

MATUNZO YALIYOTHIBITIKA

Msingi wa matunzo una nguzo nne: kutunza ngozi, kupitisha maji kwa mikono, mkandamizo wa wastani, na mazoezi.

Ngozi iliyopigwa mionzi ni dhaifu, na maji yaliyotuama chini yake hurahisisha maambukizi. Ioshwe kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo kali, ikaushwe bila kusuguliwa, ipakwe mafuta yasiyo na manukato, na ikingwe na jua kwa kofia au kanga. Wanaume wanaonyoa ndevu wajihadhari na wembe, kwa kuwa mkwaruzo mdogo unaweza kufungua mlango wa vijidudu.

Ufundi wa kupitisha limfu kwa mikono ulianzishwa na Emil Vodder na mkewe Estrid, raia wa Denmark, walipokuwa wakifanya kazi nchini Ufaransa katika miaka ya 1930. Waliutambulisha hadharani mjini Paris mwaka 1936. Ufundi huu ni tofauti kabisa na kuchua kunakofahamika mitaani. Mkono hauukandi msuli. Huivuta ngozi polepole na kwa wepesi, kisha huiachia. Mpangilio wake nao huwashangaza wengi, kwa maana hauanzii penye uvimbe. Huanza kwa pumzi ndefu, kisha kifuani na kwapani, halafu shingoni, na uso huwa wa mwisho. Sababu yake ni ileile ya mtaro: asiyezibua chini kwanza hawezi kuteremsha maji ya juu. Mgonjwa hufundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, kisha hujifanyia mwenyewe kila siku nyumbani. Si vyema kuanza bila kuonwa na daktari, hasa kwa mwenye kidonda, homa, ugonjwa wa moyo, ugonjwa wa mishipa mikubwa ya shingo, au saratani ambayo haijadhibitiwa.

Mkandamizo hutolewa kwa vazi maalumu la kidevu na shingo au kwa pedi laini, kwa kipimo cha mtaalamu. Mgonjwa asijifunge kitambaa kwa kukisia. Shingo ni njia ya pumzi na ya damu iendayo kwenye ubongo.

Mazoezi ndiyo sehemu ambayo hakuna anayeweza kumfanyia mgonjwa. Ni kugeuza kichwa kulia na kushoto, kukiinamisha upande mmoja na mwingine, kuzungusha mabega, kutoa ulimi nje na kuurudisha, kufungua kinywa taratibu mpaka kivutike bila maumivu makali, na kumeza kwa nguvu kama alivyoelekezwa. Kwa taya linalobana, mtaalamu anaweza kuagiza vijiti bapa vya mbao vipangwe katikati ya meno, na kimoja kuongezwa kadiri siku zinavyokwenda. Vipindi vifupi mara kadhaa kwa siku hufaa kuliko kipindi kimoja kirefu mwishoni mwa juma. Aliyefanyiwa upasuaji wa shingo na anayeshindwa kunyanyua mkono aseme hivyo, kwa kuwa mshipa wa fahamu wa bega huweza kuguswa katika upasuaji huo, na bega lina mazoezi yake.

Usiku kichwa kilale juu kidogo. Asiye na mito ya kutosha anaweza kuinua miguu ya kitanda ya upande wa kichwani kwa matofali, mradi kitanda kisimame imara. Anayevuta sigara au kunywa pombe aache vyote viwili, kwa ajili ya uvimbe na kwa ajili ya saratani yenyewe.

YANAYODHURU

Baadhi ya mambo hufanywa kwa upendo, lakini humwongezea mgonjwa madhara. La kwanza ni kukanda kwa maji ya moto. Joto huongeza damu na maji mahali ambapo njia ya kutokea imeziba, na ngozi iliyopoteza hisia huweza kuungua mgonjwa asijue. La pili ni kuchua kwa nguvu kwa dawa za kupasha joto. La tatu ni kuchanjwa chale shingoni ili "maji yatoke". Maji ya limfu hayatoki kwa chale. Vijidudu ndivyo vinavyoingia. La nne ni kununua vidonge vya kukojosha bila kuandikiwa. Vidonge hivyo vina kazi yake kwa magonjwa mengine, lakini si tiba ya uvimbe wa limfu.

La tano ni kung'oa jino bila kumweleza daktari wa meno kuhusu mionzi. Mfupa wa taya uliopigwa mionzi hupona kwa shida, na kidonda cha jino kinaweza kugeuka kuwa mfupa unaooza. Tahadhari hii haina mwisho wa miaka. Hata aliyetibiwa miaka 10 iliyopita anapaswa kusema kabla ya koleo kuingia kinywani.

WAKATI WA KUKIMBILIA HOSPITALI

Uvimbe wa kawaida wa limfu huja polepole. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana, iwapo anapumua kwa mlio, anashindwa kumeza hata mate, anatokwa damu kinywani au shingoni, au amevimba ghafla katika muda wa saa chache. Ngozi ikiwa nyekundu au nyeusi kuliko kawaida, ya moto na yenye maumivu, pamoja na homa, hayo ni maambukizi na yanahitaji dawa siku hiyohiyo.

Zipo pia dalili zisizo za dharura ambazo hazipaswi kungoja kliniki ya miezi ijayo: uvimbe mgumu uliojitokeza mahali pamoja na unaozidi kukua, kidonda kisichopona, maumivu mapya ya sikio, au sauti inayoendelea kupotea. Uvimbe mwingi baada ya tiba si saratani iliyorudi, lakini hakuna awezaye kuamua hilo kwa kutazama akiwa barazani. Anayepaswa kuamua ni daktari aliyeshika, akapima na kulinganisha na kumbukumbu za awali. Mgonjwa anayechoka kupita kiasi, anayehisi baridi wakati wengine wana joto na anayevimba uso mzima apimwe pia tezi ya shingo inayoitwa thairoidi, kwa maana mionzi ya shingo huweza kuipunguzia nguvu, na dawa yake ipo.

PA KUANZIA

Tiba ya mionzi hutolewa katika vituo vichache nchini, ikiwamo Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando jijini Mwanza. Kwa mkazi wa kijijini nauli ni mzigo, na wengi huacha kliniki za ufuatiliaji kwa sababu hiyo. Hata hivyo, si kila hatua ya matunzo haya inahitaji safari ndefu.

Mgonjwa aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, akiwa na muhtasari wa matibabu aliopewa alipotibiwa, kadi ya kliniki na lile daftari la vipimo. Mganga akiona inafaa atampa rufaa kwenda hospitali yenye mtaalamu wa fiziotherapia. Wataalamu wa mazoezi ya kumeza hawapatikani katika kila hospitali. Kwa hiyo mgonjwa ambaye bado yuko kwenye tiba aombe kufundishwa mazoezi hayo kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, na anayemuuguza awepo akiona. Asiye na uwezo wa kulipia aonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanapopita kaya kwa kaya, waulize kama yupo aliyewahi kutibiwa saratani, na wamwombe aonyeshe vidole vitatu.

Ndugu wananchi, ukweli wote usemwe. Matunzo haya hayamrudishi kila mgonjwa katika sura aliyokuwa nayo. Ugumu ulioingia zamani unaweza kulegea kwa kiasi tu, na kazi ya mazoezi hapo huwa ni kulinda kilichobaki. Lakini kilichobaki si kidogo: ni kugeuza kichwa kabla ya kuvuka barabara, ni kumeza dawa bila kupaliwa, ni kuita jina la mtoto likasikika.

Kazi ya daktari ni kutibu, na kazi ya mgonjwa ni mazoezi. Ipo kazi moja iliyobaki kwa majirani. Mama lishe yule anaporejea kwenye banda lake akiwa na shingo iliyovimba, asiulizwe mbele ya wateja amepatwa na nini, wala sahani yake isikwepwe kana kwamba ugonjwa wake unaambukiza. Mtandio huvuliwa mapema zaidi pale ambapo hakuna anayekodolea macho, na uvimbe unaoonekana mapema ndio unaotunzika.